Makufuli ya zamani kwa bei chee: mzee wa turubai, mnada wa Msalato

Jumamosi nne mfululizo nimeenda mnadani Msalato, huku Dodoma, na sijanunua mbuzi wala shati la mtumba, narudi na makufuli tu kwenye mfuko wa rambo, wife sa hivi ananiuliza "leo mangapi?" badala ya kuuliza nyama iko wapi. Kila ninayemuonyesha anacheka kwanza alafu anauliza nayapata wapi, basi acha nimwage hapa.

Ukishapita sehemu ya nyama choma (pita kweli, ukikaa umekwisha) kwenye vyombo na spea za baiskeli kuna mzee anatandika turubai la bluu chini. Jina lake silijui, tunamuita Babu. Ana patasi, bisibisi, bawaba, koki za maji, pasi za mkaa, na pembeni kuna ndoo ya rangi ya lita 20 imejaa makufuli na vitasa ambavyo havina funguo. Hiyo ndoo ndo habari yenyewe.

Kosa nililofanya siku ya kwanza nilianza na yaliyopangwa juu ya turubai, yale yenye funguo. Hayo bei yake ni ya kufuli, 5,000 hadi 10,000, na mengi ni Tri-Circle za Mchina za juzi tu, zilezile ziko kila duka la vifaa vya ujenzi. Ya kwenye ndoo ni bei ya skrepa, maana kwa Babu kufuli bila ufunguo ni kipande cha chuma tu. Nilichota 11 kwa 8,000. Kwa wastani buku hata haifiki kwa moja! Mtu anayetaka kufungia geti hawezi kuyagusa, ila mi sifungi kitu, nataka kuliweka mezani na kuliangalia, sasa ufunguo wa nini.

Ndani ya hayo 11, saba ni takataka, nasema ukweli. Manne ndo yalinifanya nirudi. Moja Squire, moja Union, yote ya Uingereza, kutoka mji unaitwa Willenhall ambao karibu mji mzima ulikuwa unaishi kwa kutengeneza vitasa na makufuli, Squire wenyewe wapo toka 1780. La tatu ni Godrej ya India, hawa watu wengi wanawajua kwa makabati ya chuma ila walianza na makufuli Bombay mwaka 1897. La nne limefutika maandishi kabisa, zito kama jiwe la kusagia, nalipenda kuliko yote.

Hiyo Union ina neno LEVER na namba mbele yake. Maana yake ndani kuna vibao vidogo vyembamba vimepangana, ufunguo unavinyanyua kila kimoja kwa kimo chake, kikizidi au kikipungua halifunguki. Ni teknolojia ya 1778 hiyo, ya Mwingereza anaitwa Robert Barron. Haya ya ufunguo bapa wenye meno tunayotumia sasa ni mfumo wa Yale, Mmarekani, miaka ya 1860, ndani kuna vipini (vijiti vidogo vya chuma) na springi. Ukichungulia tundu tu unajua: tundu la duara lenye mkia chini ni la vibao mara nyingi, tundu la kamstari kembamba kaliojikunjakunja ni la vipini. Mi nimeamua kukusanya ya vibao tu maana ukisema unakusanya kila kitu utajaza nyumba.

Alafu kuna kitu nimekuja kukigundua, Dodoma ni sehemu nzuri sana kwa huu ugonjwa. Shemeji yangu yuko Tanga alinitumia matatu, chumvi ya bahari imeyala mpaka mkono wa juu umebaki kama mswaki. Huku kwetu mvua ni ya miezi michache alafu kukavu, chuma kinashika vumbi ila hakiozi. Na tangu serikali ihamie huku nyumba za zamani zinabomolewa watu wapandishe ghorofa, milango inaishia kwa watu wa vyuma chakavu na vitasa vyake. Zanzibar huko vitu vya hivi vipo maduka ya watalii, bei nayo ni ya mtalii.

Mambo ya kuangalia kwa Babu. Nenda na sumaku ndogo, ile ya spika mbovu inatosha. Yapo makufuli yanang'aa njano ukadhani shaba kumbe chuma kimepakwa rangi, sumaku ikinasa kwenye mwili wa kufuli acha hapo (kwenye mkono wa juu itanasa tu, huo mara nyingi ni chuma). Litikise, ukisikia kitu kinacheza ndani pengine springi imekatika. Na usionyeshe unalipenda! Mi niliinua lile zito nikatabasamu, palepale Babu akaniambia "hilo mjukuu wangu ni la Wazungu wa karanga, la Kongwa" na bei ikaruka kutoka jero mpaka 6,000. Mradi wa karanga wa Kongwa upo kweli, Waingereza walianza 1947 ukafa 1951, ila kwa Babu hata pasi ya mkaa ni ya Wazungu wa karanga. Nililipa 3,000.

Kusafisha usikimbilie msasa utaua maandishi. Loweka kwenye mafuta ya taa siku mbili tatu, vumbi lote linatoka. La shaba pakaa ukwaju uliolowekwa, dakika kumi, suuza, kausha juani. Ukwaju Dodoma haujawahi kuwa tatizo. Ndani kwenye tundu usijaze oili, inashika vumbi inakuwa uji, saga risasi ya penseli ile nyeusi upulizie.

Kuchonga ufunguo ni hiari na ndo sehemu pekee nimepigwa. Fundi mmoja mjini, simtaji, alichukua 7,000 kwa ajili ya ile Godrej, akakaa nayo wiki, akanirudishia ufunguo unaoingia vizuri tu ila hauzunguki, na kufuli limekwaruzwa usoni na bisibisi. Nilikuwa nimelinunua kwa chini ya buku! Wa pili alinihoji kwanza, "la kwako hili, au?" nikamheshimu kwa hilo swali, akauchonga ufunguo kwa tupa taratibu nusu siku, 5,000, linafunguka. Ah na usitembee usiku kwenye bodaboda na mfuko wa makufuli na funguo 30, mi nilishajieleza mbele ya askari mpaka koo likakauka.

Hasara za kwa Babu: wiki nyingine ndoo ni ileile hajaongeza kitu, hana chenji, na ukichelewa saa tano watu wa skrepa wameshabeba kwa kilo. Nenda asubuhi, mpe "mbukwa Babu" kwanza (salamu ya Kigogo), sio unafika unainamia ndoo kama kuku, atakukasirikia na bei inapanda. Nyota 4.

Nyota ya tano kaninyima Babu mwenyewe. Sanduku lake la mbao analowekea hela na bisibisi nzuri limefungwa na kufuli la shaba limechakaa kona zote, nimeinama nikasoma EAR&H, la reli ya Afrika Mashariki ya kabla ya 1969. Nikamwambia Babu nakupa 20,000. Akalitazama, akanitazama. "Sasa mjukuu, sanduku nitafungia nini?" Nikamwambia nitamletea Tri-Circle mpya na funguo zake tatu. Akacheka mpaka akakohoa, akaniambia hizo anaziuza yeye, anazijua.