Taa za Mbele za Hotirodi ya Jadi: Zipi Ununue, Uzifunge Wapi

Hotirodi ya jadi mara nyingi ni Ford ya kati ya 1928 na 1934 iliyovuliwa madigadi, ikashushwa mbele na kuongezwa nguvu, kama walivyofanya vijana wa California kabla na baada ya Vita Kuu ya Pili. Madigadi yakishatoka, taa zinabaki wazi kabisa. Zikikaa vibaya, hata rangi nzuri na injini ya V8 haviliokoi gari.

Kwa hiyo amua mahali kwanza, pesa baadaye. Kata duara mbili za kadibodi, upana inchi 7, uzishikize kwa waya mbele ya gari likiwa limesimama kwenye matairi litakayotembelea, kisha rudi nyuma uangalie. Tazama na kwa ubavuni pia. Mimi nataka taa ikae chini na karibu na grili: kichwa chake kisipite mstari wa boneti, na pengo kati yake na grili litoshe mkono wa kusafishia tu. Taa zilizoinuka na kutanuka zinalifanya gari lionekane limeshtuka. Upau wa kiwandani unaoshika taa za Ford 1932 unaziinua mno kwa gari lililoshushwa, ndiyo maana zinauzwa pau zilizopindwa kushuka. Kama huna madigadi, tumia vishikio vinavyofungwa kwenye chasisi pamoja na vya shokabu; vishikio vya shokabu vya lori la Ford F-1 la 1948 hadi 1952 vinapendwa sana kwa kazi hii. Lakini kushusha kuna mpaka. Sheria ya Marekani inataka katikati ya taa pawe inchi 22 hadi 54 kutoka ardhini. Pima kabla hujachomelea.

Sasa taa zenyewe. Ya kwanza kwangu, bila kusita, ni Guide 682-C. Ilikuwa taa ya malori na mabasi. Kikombe chake kimechongoka nyuma na juu kina kitaa kidogo cha kuegeshea. Inapokea taa ya duara ya inchi 7, saizi iliyoenea Marekani tangu 1940, kwa hiyo kioo kikivunjika hupati shida. Za zamani ni ghali, lakini kopi mpya zipo.

Ya pili ni taa asilia za Ford 1932. Kwa uzuri zingeshika nafasi ya kwanza. Zimeshuka kwa sababu ya mwanga. Reflekta zake za fedha huingia weusi, na mfumo wake ulikuwa wa volti 6. Ukizitaka, tenga bajeti ya kupaka reflekta upya au kuweka za kisasa ndani.

Tatu ni zile za mtindo wa Dietz: bakuli la kawaida la inchi 7, bei nafuu, zinafaa gari la kuendeshwa kila siku. Taa za Model A (Ford ya 1928 hadi 1931) ninazipa nafasi ya nne, na kwenye Model A tu. Taa za E&J ni za Ford T, gari la kabla ya Model A; kwenye grili ya 1932 hazipatani kabisa. Vitaa vidogo vya LED nisingevifunga kwenye gari la aina hii hata kwa kupewa bure.

Ukitumia volti 12 na balbu za H4 za wati 60/55, weka rilei (swichi inayowashwa kwa umeme) na waya mnene, na vuta arthi ya kila taa hadi kwenye chasisi, maana rangi mpya huzuia umeme kupita kwenye bolti. Anayejenga Kenya au Tanzania anunue kioo cha nchi zinazoendesha kushoto, kwa sababu dimu ya Kimarekani inamulika upande wa gari linalokuja.

Ukinunua za zamani, chukua jozi iliyotoka pamoja, na ukague pete ya kioo kabla ya kulipa. Kikombe kilichobonyea fundi wa bodi atakinyoosha. Pete iliyopinda ni shida zaidi, na taa itaingiza maji.