TAHADHARI: Muuzaji wa turbo "za kuvutia trela" anakuletea feki na kuondoka na orijino yako

Ndugu wenye pikapu za dizeli za zamani, hasa mnaovuta trela, someni hapa kabla hamjatuma hela. Kuna muuzaji anazunguka mtandaoni na turbo (kile kifaa kinachozungushwa na moshi wa eksozi ili kusukuma hewa ndani ya injini) za "kuongeza nguvu ya kuvuta", na maboksi yake yameanza kufika karakana kwangu mikononi mwa wateja. Jina lake halina faida kulitaja, maana analibadilisha kila akishtukiwa. Picha na maneno ya tangazo hayabadilishi, kwa hiyo mtamjua kwa hayo.

Chambo chake ni jedwali la kulinganisha. Kushoto ameweka turbo iliyokuja na gari, kulia ameweka yake, na kila mstari ya kwake inashinda: feni pana zaidi, hauzingi (ganda la turbo) kubwa zaidi, nguvu za farasi zimepanda mpaka unashangaa. Kwa macho ya haraka linavutia kweli. Ila mtu aliyewahi kufunga turbo akilisoma taratibu anaona linajipinga lenyewe.

Kwanza, turbo peke yake haizalishi nguvu. Nguvu ya dizeli inatoka kwenye mafuta, na kazi ya turbo ni kuleta hewa ya kuyachoma. Ukifunga turbo kubwa huku pampu na nozeli ziko vilevile, wale farasi wa kwenye jedwali hutawaona. Utakachoona ni gari zito kuamka.

Pili, na hapa ndipo anapowaumiza watu wa trela, ukubwa anaousifia ndio ubaya wenyewe. Gari lenye mzigo linapanda mlima kwa mizunguko midogo, tuseme 1,800 kwa dakika. Turbo kubwa hapo bado imelala. Wewe umekanyaga mafuta, hewa haijafika, moshi mweusi unatoka nyuma na joto la eksozi linapanda. Gari tupu likifanya hivyo barabarani, ni sekunde chache limepita. Lenye trela linakaa kwenye hali hiyo mlima mzima. Mafundi wengi hawapendi geji ya joto la eksozi, iliyofungwa kabla ya turbo, ikae juu ya nyuzi 700 za Selsiasi kwa muda mrefu, na pistoni za magari haya ni za aluminiamu, ambayo inayeyuka kwenye 660. Pistoni inaponea kwa sababu inapozwa kwa oili na moto haukai muda wote, ila ukilazimisha hivyo kila safari utakuja kufungua injini.

Ndiyo maana anayevuta mizigo anatafuta turbo inayoamka mapema, iliyo kubwa kidogo tu kuliko ya kiwandani. Tena si kila gari linahitaji kubadilishiwa turbo nzima. Ford zenye injini ya 7.3 Power Stroke za 1999 hadi 2003 zinajulikana kwa turbo kukohoa chini ya mzigo, ule mlio wa hewa kurudi nyuma, na mara nyingi tiba yake ni kubadilisha feni ya upande wa hewa. Huyu jamaa akiulizwa na mwenye gari hilo, anamuuzia turbo nzima. Dodge za miaka ya 1990 zenye injini ya Cummins 5.9, nyingi zilikuja na Holset HX35, turbo ambayo watu wa kuvuta mpaka leo wanaitafuta. Jedwali lake linaiita "dhaifu". Sababu ya kuiita hivyo utaiona mbele.

Sasa boksi lenyewe. Nje kuna nembo ya kampuni kubwa, ndani kuna karatasi ya dhamana isiyo na anwani. Hauzingi imepuliziwa rangi ya fedha mpaka ndani ya tundu la oili, kitu ambacho kiwanda makini hakifanyi kwa sababu vipande vya rangi vinakwenda moja kwa moja kwenye beringi. Kibati cha jina kimebandikwa kwa gundi, na vichwa vya ripiti ni urembo tu. Nikachukua boksi la mteja mwingine nikalinganisha: seriali namba ni ileile, herufi kwa herufi. Turbo orijino mbili haziwezi kuwa na seriali moja. Tangazo linasema beringi ni za gololi, lakini nilipofungua nilikuta bushi za kawaida, yaani vikombe vya chuma visivyo na gololi. Bushi si dhambi, turbo nyingi nzuri zinatumia bushi, ila alichouza sicho alicholeta.

Msichukulie hili kama suala la hela peke yake. Shafti ya turbo inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, huku upande mmoja ukiwa kwenye moto wa eksozi. Feni isiyosawazishwa vizuri itakula beringi, itagusa ukuta, na vipande vya upande wa hewa vitaingia kwenye intakula (kipoza hewa kilicho kati ya turbo na injini) na mabomba yake. Bahati ikikataa vinafika kwenye silinda. Sili ikiachia, oili inavutwa kwenye njia ya hewa na injini inaanza kujiendesha kwa oili yake yenyewe: unazima swichi, inazidi kunguruma. Na trela liko nyuma.

Tuje kwenye wizi wenyewe. Bei yake ni nafuu "kwa sharti" kwamba umtumie turbo yako ya zamani kama mbadala, na anaitaka kabla yeye hajatuma yake. Kubadilishana hivi kupo kwa wauzaji waaminifu, lakini kwa kawaida wao wanashikilia amana na kuirudisha wakipokea ya zamani. Huyu anataka vyote viwili mbele. Orijino iliyochoka inafungwa beringi na sili mpya, inasawazishwa, inarudi kazini miaka mingi. Kopi yake huwezi kuikarabati ukaiamini. Kwa hiyo ile HX35 "dhaifu" ndiyo mali aliyoifuata.

Ukimrudia na malalamiko, jibu lake ni moja kwa kila mtu: "Fundi wako hakupitisha oili." Anajua anachofanya, maana kukosa oili ndicho kinachoua turbo nyingi, hivyo mteja anaanza kumshuku fundi badala ya muuzaji.

Aliyekwisha kupokea boksi, asifunge kwanza. Shika ncha ya shafti upande wa hewa. Ikiwa ni ya bushi na iko kavu, kucheza kidogo kwenda pembeni ni kawaida, lakini mbele na nyuma usisikie mchezo kwa mkono, na feni isiguse ukuta hata ukiisukuma. Angalia namba ya kibati kwa wakala wa kampuni iliyoandikwa. Piga picha kila kitu, boksi likiwemo, na mazungumzo yote yahifadhi kabla hajafuta akaunti. Kama ulilipa kwa kadi au kupitia soko lenye ulinzi wa mnunuzi, fungua lalamiko sasa hivi, maana atakuomba "uvumilie wiki mbili" ili muda wa kulalamika upite.

Iliyokwisha kufungwa, vua bomba la hewa baada ya turbo utazame kama kuna oili nyingi au unga wa chuma, na trela lisifungwe mpaka fundi aikague.

Kama turbo yako ya zamani bado iko kwako, usiitume. Atakutishia kwamba anafuta oda. Mwache afute.