Muziki, mapenzi na mavazi kwenye simu: tathmini ya michezo mitatu kwa mchezaji wa Mbeya

Kati ya michezo mitatu ninayoitathmini hapa, mmoja tu naupendekeza bila masharti kwa mtu mwenye simu ya kawaida na bando la wiki, nao ni mchezo wa muziki wa Hatsune Miku uitwao Colorful Stage. Love Nikki, mchezo wa kuvalisha, naupendekeza kwa mwenye jicho la nguo na subira. Love and Deepspace, ambao ni wa mapenzi, umetengenezwa kwa ufundi kuliko yote, lakini unadai simu na mfuko ambao wachezaji wengi ninaowafahamu hapa Mbeya, hasa wanafunzi wa vyuo, hawana.

Yote imechorwa kwa mtindo wa katuni za Kijapani, ingawa ni wa kwanza tu uliotoka Japani. Miwili iliyobaki ni kazi ya kampuni moja ya Kichina, Papergames. Yote hushushwa bure, kisha hutafuta fedha kwa njia inayofanana: mchezaji hununua vito, na kwa vito hivyo huchota kadi au nguo kwa bahati nasibu ambayo wachezaji huiita gacha. Hakuna hata mmoja unaozungumza Kiswahili, ila Kiingereza cha sekondari kinatosha kuifuata.

Colorful Stage ulitoka Japani Septemba 30, 2020, na toleo la Kiingereza likafuata Desemba 2021. Waliouandaa ni Sega pamoja na studio ya Colorful Palette. Hatsune Miku mwenyewe si mwanamuziki wa damu na nyama. Ni sauti ya programu ya kompyuta iliyotolewa mwaka 2007 na kampuni ya Crypton Future Media ya mjini Sapporo, iliyojengwa kutokana na sauti iliyorekodiwa ya mwigizaji Saki Fujita. Mtunzi yeyote mwenye programu hiyo anaweza kumpa Miku wimbo wa kuimba, na ndiyo sababu hazina ya nyimbo za mchezo huu ni pana kiasi hicho: kuna roki, kuna nyimbo za polepole za kinanda, kuna za dansi zenye mwendo wa kasi usiovumilika kwa mtu asiyezizoea. Nyimbo nyingi zimeimbwa kwa Kijapani, na hilo halimzuii mtu kuzipenda, kwa kuwa nasi tumekua tukicheza muziki wa Kikongo bila kuelewa Kilingala.

Uchezaji wenyewe unaeleweka mara moja. Noti hushuka kutoka juu ya kioo kuelekea mstari ulio karibu na vidole, na mchezaji huzigusa zinapoufikia, huzishikilia zile ndefu, na huzitelezesha juu zile zenye mshale. Kila mguso hupewa hukumu yake, kuanzia Perfect hadi Miss. Ngazi za kawaida ni tano, kutoka Easy hadi Master, na tofauti kati ya Hard na Expert ndiyo inayowakatisha tamaa wengi, kwa sababu hapo ndipo vidole gumba viwili vinapoanza kuzidiwa. Suluhisho ni kuilaza simu mezani na kucheza kwa vidole vya shahada, jambo linaloonekana geni kwa siku chache za mwanzo na baadaye mtu hawezi kurudi nyuma.

Ninachokithamini zaidi ni kwamba ustadi huu haununuliki. Kadi nzuri ya mhusika huongeza alama, lakini haimsaidii mtu kugusa noti kwa wakati. Mchezaji mwenye kadi hafifu za nyota mbili anaweza kumaliza wimbo mgumu bila kukosa hata noti moja, na mwenye kadi za thamani kubwa akashindwa katikati. Kwa mtu asiye na fedha za kutupa, hiyo ni heshima kubwa kutoka kwa mchezo wa bure.

Kabla ya kulaumu vidole, mchezaji anapaswa kuirekebisha simu, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu wengi huuacha mchezo kwa kosa ambalo si lao. Hedifoni zisizo na waya huchelewesha sauti, na ucheleweshaji ambao hausikiki mtu anaposikiliza wimbo wa kawaida unatosha kuharibu kila mguso katika mchezo wa midundo. Tumia hedifoni za waya au spika ya simu. Kisha fungua mipangilio ya mchezo na urekebishe muda wa noti, ukisogeza namba kidogo kidogo hadi mdundo unaousikia ulingane na noti unayoiona. Simu mbili za aina tofauti huenda zikahitaji namba tofauti. Ongeza pia kasi ya noti hatua kwa hatua. Wanaoanza huogopa kufanya hivyo, ilhali noti zikishuka polepole hujazana kwenye kioo na kuwa ngumu zaidi kusomeka. Zima hali ya kuokoa chaji, maana hupunguza nguvu ya simu na kuifanya picha ikwame. Kwa simu ya bei nafuu, chagua hali nyepesi isiyoonyesha wahusika wakicheza nyuma ya noti. Hupotezi chochote, kwa kuwa mtu anayecheza Expert hana muda wa kuwatazama.

Kioo cha simu nacho kina neno lake. Protekta laini ya plastiki hushika kidole, hasa kwenye noti za kutelezesha. “Dada, chukua hii ngumu ya kioo, ile laini utachoka nayo,” aliniambia kijana anayebandika protekta pale Mwanjelwa, na ushauri wake nimeuona kuwa sahihi kabisa. Baridi yetu ya Juni na Julai pia inaathiri uchezaji: vidole vikikakamaa na ngozi ikakauka, kioo huanza kupuuza baadhi ya miguso, na nyimbo za kasi hazichezeki mpaka mtu ameshika kikombe cha chai na mikono ikapata uhai. Anayeishi Uyole au kule Tukuyu atanielewa bila maelezo marefu.

Mchezo huu una hadithi pia, na kwa maoni yangu ni nzuri kuliko zinavyohitajika katika mchezo wa midundo. Kuna makundi matano ya vijana, na lililonigusa zaidi ni lile la wasichana wanne wanaotunga muziki pamoja mtandaoni saa saba usiku kila mtu akiwa chumbani kwake. Mmoja wao, Mafuyu, ni mwanafunzi anayesifiwa na kila mtu, ambaye mama yake amekwisha kumwamulia kuwa daktari, na ambaye amejizoeza kuitikia ndiyo hadi hajui tena anachokipenda wala hasikii ladha ya chakula. Hadithi haimgeuzi mama kuwa shetani. Inamwonyesha akizungumza kwa upole, kila sentensi ikiwa na sura ya upendo, na ndani ya upole huohuo binti anazidi kuzama. Sijui ni wangapi miongoni mwa waliopangiwa mchepuo wa sayansi na familia zao watausoma mkasa huo bila kusimama kidogo. Mavazi yamo pia: wahusika huvalishwa kwa ajili ya jukwaa, na mchezaji mwenyewe huwa na umbo dogo analolivisha ili kuhudhuria maonyesho ya muziki pamoja na wenzake. Anayetafuta mavazi kama jambo kuu, hata hivyo, hatashiba hapa.

Kuhusu gacha, hesabu ni hii. Kadi ya nyota nne ina nafasi ya asilimia 3 kwa kila mchoto, na mchoto mmoja hugharimu fuwele 300, ambazo ndizo vito vya mchezo huu. Anayechota kadi 10 kwa fuwele 3,000 ana nafasi ya takriban 26 kati ya 100 tu ya kupata hata nyota nne moja, na hiyo si lazima iwe ile anayoitaka. Fuwele za bure zinapatikana kwa kucheza na kusoma hadithi, na mwenye kuzitunza kwa miezi anaweza kumfuata mhusika anayempenda bila kutoa shilingi. Tangu mwishoni mwa 2017 Apple inadai programu zinazouza bahati nasibu ya aina hii zionyeshe uwezekano wa kila kitu kabla ya mtu kulipa. Mchezaji wa simu yoyote azoee kulifungua jedwali hilo na kulisoma kwanza.

Love Nikki ulianza China mwaka 2015 na kufika kwa wasomaji wa Kiingereza mwaka 2017. Nikki, msichana mwenye nywele za waridi, anasafiri na paka wake Momo katika ulimwengu wa mataifa saba ambako ugomvi humalizwa kwa mashindano ya mavazi badala ya silaha. Wazo hilo linaweza kuonekana la kitoto hadi mtu aone jinsi mashindano yanavyopimwa. Kila nguo ina uzito wake katika jozi tano za sifa: ya kawaida au ya fahari, ya uchangamfu au ya adabu, ya kitoto au ya kiutu uzima, ya usafi wa moyo au ya kuvutia kimahaba, ya baridi au ya joto. Shindano hutaja hafla, na mchezaji anapaswa kuisoma hafla hiyo kama fundi cherehani anavyomsikiliza mteja, kisha achague kuanzia nywele, gauni na soksi hadi hereni. Ukikosea kipande kimoja kikubwa, kama vile gauni au koti, alama zinaporomoka hata kama vidogo vyote vimekaa vizuri. Mtu aliyezoea kuchambua mitumba na kuamua kwa kulishika tu koti kama litafaa kwa asubuhi ya Julai atajikuta tayari ana nusu ya ujuzi unaotakiwa.

Uzuri wake mwingine ni kwamba hauna haraka. Mtu anaweza kuucheza ndani ya daladala ya kwenda Iyunga, akasimama katikati, akaendelea jioni, na hata simu ndogo inaumudu kwa kuwa picha zake ni za kuchorwa tu, si za pande tatu. Udhaifu wake ni matukio ya muda maalumu, ambayo suti nzima za nguo hutolewa kwa siku chache na kipande cha mwisho huwekwa mahali ambapo vito vya bure havifiki. Katika nguo nilizozikusanya sijaona kitenge wala kanga, na nauona upungufu huo kuwa mkubwa kwa mchezo unaojisifia mataifa saba. Ndugu yake mpya, Infinity Nikki, uliotoka Desemba 2024, ni mzuri mno kwa sura, lakini ni wa pande tatu na mzito. Mwenye simu ya kawaida asihangaike nao.

Love and Deepspace ulitoka Januari 18, 2024. Mchezaji ni mwindaji wa viumbe hatari katika mji wa Linkon, naye anazungukwa na wanaume wenye haiba tofauti, akiwemo Zayne, daktari wa upasuaji wa moyo, na Rafayel, mchoraji. Michezo ya mapenzi inayoandikwa kwa kumlenga mchezaji wa kike ina historia ndefu, kwani Angelique ya kampuni ya Koei ilitoka Japani mwaka 1994, lakini kabla ya huu sikuwahi kuona mhusika anayemtazama mchezaji machoni kwa namna hii, macho yakisogea na pumzi ikisikika. Kuna hata sehemu ambayo mhusika hukaa nawe unaposoma au kufanya kazi, saa ikihesabu muda, na wanafunzi wanaouchukua mchezo huu kwa uzito wanasema ndiyo sehemu wanayoitumia zaidi. Mapigano ni ya wastani. Kadi ya juu ina nafasi ya asilimia 1, na huhakikishiwa kufikia mchoto wa 70; kwa almasi 150, ambazo ndizo vito vya hapa, kwa kila mchoto, hiyo ni hadi almasi 10,500. Kwa kuwa matukio ya faragha zaidi na mpenzi wako yamefungwa ndani ya kadi hizo, shinikizo la kulipa hapa linagusa moyo moja kwa moja, na naliona kuwa kali kuliko katika michezo mingine miwili. Mafaili yake yanazidi gigabaiti 10, na kila sasisho linataka bando jipya. Asiye na waifai ya uhakika, chuoni au kazini, atatumia fedha nyingi kwenye bando kabla hajanunua almasi hata moja.

Lipo jambo moja linaloigusa michezo yote ya aina hii. Love Live! School Idol Festival, uliotoka Japani Aprili 2013 na kufungua njia kwa michezo mingi ya midundo ya simu, ulifungwa Machi 31, 2023. Mrithi wake alianza mwezi uliofuata akafungwa Machi 31, 2024, na toleo la kimataifa la mrithi huyo lilifunguliwa Februari 2024 likazimwa Mei 31 mwaka huohuo. Seva ikizimwa, kadi, nguo na wahusika vyote huondoka, vikiwemo vilivyolipiwa. Kwa hiyo, anayelipa alipie furaha ya mwezi huu, kwa kiasi ambacho angekitumia kwenda kutazama mpira uwanja wa Sokoine, na si kwa kudhani kwamba anajiwekea mali.

Mwenye simu ya gigabaiti 64 asakinishe Colorful Stage na Love Nikki, aiache Love and Deepspace mpaka abadilishe simu, na ashushe nyimbo na masasisho anapokuwa kwenye waifai. Mzazi anayempa mtoto simu yake aweke nywila kwenye manunuzi ya duka la programu kabla ya kumkabidhi, hasa kama kadi ya benki imekwisha kuunganishwa humo.