Meko ya sebuleni yaliyojaza nyumba moshi: kofia ya chuma, fundi, na kilichosaidia kweli

Kwa mwenye haraka: kofia ya chuma inayozunguka juu ya dohani haikuondoa moshi nyumbani kwangu. Moshi uliondolewa na fundi mwenye futi kamba na kipande cha bati, pamoja na tundu la hewa ukutani ambalo hakuna duka linaloliuza. Vyote nimevilipia kwa hela yangu, hakuna aliyenituma.

Naishi Njombe, mita kama 2,000 juu ya usawa wa bahari, na aliyewahi kulala huku mwezi wa sita au wa saba hahitaji kuelezwa kwa nini mtu atake moto ndani. Nyumba tuliinunua ikiwa na meko ya matofali sebuleni, mapana, yenye sura nzuri. Aliyetuuzia alikuwa akipanga viatu humo, na tulipowasha moto wa kwanza tukajua sababu. Moshi ulipanda vizuri hadi kwenye linta, ukasita, kisha ukajikunja kuja sebuleni. Haikupita robo saa ulikuwa umetanda chini ya dari unaelekea vyumbani. Jipsamu juu ya meko ikaingia rangi ya chai. Mapazia, mablanketi, sare za shule za watoto, vyote vikanuka. Mama mkwe, ambaye amepikia kuni kwenye mafiga maisha yake yote, alikuja kututembelea, akavumilia kidogo, akasema kwa upole: "Mkwe wangu, mbona hata jikoni kwangu hakuna moshi hivi?"

Nianze na kofia. Ni ile ya bati lisiloshika kutu, ina mapezi ya kuzungushwa na upepo, inakaa juu ya mdomo wa dohani. Muuzaji aliniambia itafyonza moshi wote. Nililipa shilingi 180,000, na aliyepanda kuifunga nikampa yake mbali. Kwa ubora wa kazi sina neno: bati ni nene, beringi zake ni laini, na haijapiga kelele hata usiku wa upepo mkali. Mvua nayo haiingii tena ndani ya dohani. Ila jioni ambayo upepo umetulia, ndiyo hasa jioni ya baridi ya ukungu, kofia inasimama tuli na moshi unarudi sebuleni kama zamani. Tena ikawa mbaya zaidi, maana shingo yake ni nyembamba kuliko dohani yenyewe na mapezi yalianza kushika masizi. Simlaumu mtengenezaji. Kifaa hiki ni dawa ya upepo unaorudisha moshi chini, na upepo ulikuwa sehemu ndogo tu ya ugonjwa wangu. Tatizo ni muuzaji anayekiuza kama dawa ya kila kitu bila kuuliza swali hata moja kuhusu meko yako.

Fundi nilielekezwa na jirani. Ni mzee aliyezoea nyumba za mapadre na zile za zamani za mashamba ya chai upande wa Lupembe, na hana simu ya kutumiwa picha. Alichelewa sana siku ya kwanza. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, hakukaa hata kunywa chai.

"Washa moto kwanza tuone," akasema.

"Mzee, utaumia macho."

"Ndilo nililojia."

Aliacha moto ushike na moshi uanze kutoka. Kisha akaniambia nifungue dirisha la upande unakotoka upepo, kidogo tu, upana wa vidole viwili. Moshi ukapungua palepale. Nikafunga, ukarudi. Akatikisa kichwa akitazama madirisha yetu ya alumini yenye mipira pembeni. Nyumba hii zamani ilikuwa na madirisha ya mbao yanayopitisha hewa kila kona, na dari ya mbao yenye nyufa. Waliokarabati waliziba kila mwanya. Sasa hewa inayopanda na moshi lazima ifidiwe na hewa nyingine inayoingia ndani, na isipopata njia, inashuka na dohani hiyohiyo. Feni ya kutoa harufu jikoni ikiwashwa ndiyo kabisa, inavuta moshi kutoka kwenye meko.

Hilo lilikuwa nusu ya jibu. Nusu ya pili aliitafuta kwa kipande cha bati. Alikishika kwa matambara mikono yote miwili, akakiegesha kwenye uwazi wa meko kuanzia juu, akawa anakishusha polepole. Kila akishusha kidogo anasimama, anaangalia ukingo wa chini wa bati, anangoja. Pale moshi ulipoacha kabisa kutoka, akachukua mkaa na kuchora mstari kwenye tofali. Kisha ndipo futi kamba ikatoka mfukoni.

Uwazi wa meko ulikuwa sentimita 120 kwa 90, yaani sentimita za mraba 10,800. Dohani kwa ndani ni 25 kwa 25, yaani 625. Kanuni ya mafundi wa meko ni kwamba eneo la ndani la dohani liwe kama sehemu moja ya kumi ya uwazi. Langu lilikuwa moja ya kumi na saba. Aliyejenga alitaka meko ya kuonekana, akasahau kwamba mdomo mkubwa unameza hewa nyingi ya sebuleni ambayo dohani nyembamba haiwezi kuipitisha, hivyo moshi unapoa na kupoteza nguvu ya kupanda. Ukishaiona hesabu hii hulali tena ukifikiria kofia.

Dohani hupanui bila kubomoa ukuta, kwa hiyo tulipunguza mdomo. Sakafu ya meko iliinuliwa tabaka moja la matofali, juu ikashushwa bamba la chuma lililokunjwa, na kila ubavu ukaongezwa matofali ya kuhimili moto, yakiwa yamelazwa mshazari ili joto lirudi chumbani. Uwazi ukabaki 95 kwa 65, ambayo ni 6,175, na gawanya mwenyewe: inakaribia moja ya kumi kabisa. Ubavu wa mshazari na koo jembamba la dohani, yaani pale moshi unapoingia kutoka kwenye meko, si uvumbuzi wa juzi. Benjamin Thompson, Mmarekani aliyejulikana zaidi kwa cheo chake cha Count Rumford, alitibu hivyohivyo meko ya London yaliyokuwa yakitoa moshi, miaka ya 1790. Mzee wangu hajawahi kumsikia na hana haja naye.

Kabla ya kujenga alisafisha. Aliteremsha brashi ya waya iliyofungwa jiwe, akitokea juu ya paa, na kilichoanguka kilijaza karai: masizi, kiota cha ndege, mapande ya chokaa ya wajenzi wa kwanza, na magamba meusi ya kung'aa. Hayo ya mwisho ndiyo ya kuogopa. Ni utomvu wa moshi wa kuni mbichi, ulioganda kwenye ukuta wa dohani, na siku ukishika moto dohani nzima inawaka kwa ndani. Kwa mtu asiyetaka kusoma mengine yote: safisha dohani angalau mara moja kwa mwaka, kabla ya msimu wa baridi.

Mdomo wa juu nao ulikuwa mfupi. Ulikuwa chini ya mgongo wa paa ulio umbali wa mita mbili tu, kwa hiyo upepo wa kusini-mashariki ukivuka paa unaanguka juu ya dohani. Kipimo kinachotumika ni dohani kuzidi kwa sentimita 60 kitu chochote kilicho ndani ya mita tatu kwa pembeni. Akaongeza kozi za matofali hadi ikapita. Kofia tuliiondoa, tukaweka kifuniko cha kawaida cha kuzuia mvua. Hewa nayo ikapewa bomba la chuma la inchi 4 kupitia ukuta wa nje, karibu na meko, lenye wavu wa kuzuia panya na kilango cha kufunga moto ukizimwa.

Matokeo: moshi hautoki. Siku ya ukungu mzito bado dohani inakuwa na hewa baridi nzito iliyokaa kama kizibo, kwa hiyo kabla ya kuwasha kuni nachoma gazeti lililosokotwa nikilishika juu kabisa, kwenye koo, mpaka niisikie inavuta. Hapo ndipo kuni. Na kuni ni miwati iliyopasuliwa na kukaa chini ya paa nusu mwaka au zaidi. Huku miwati si shida, mashamba yake yapo tangu enzi za mkoloni kwa ajili ya magome ya kutengenezea ngozi. Paina mbichi inayouzwa barabarani kwa bei ya kutupa, mwache mwenzako ainunue.

Malalamiko yangu kwa fundi ni matatu. Bei aliitaja kwa mdomo, 350,000 ya ufundi, na vifaa nikawa naambiwa kidogokidogo hadi vikafika karibu hiyohiyo. Saruji iliyodondoka kwenye marumaru ya sebuleni aliiacha ikakauka, tukaikwangua wenyewe. Na pale dohani inapopenya bati hakuziba vizuri, mvua za mwezi wa kumi na moja zikaingia, nikamlipa mtu mwingine kuweka bamba na lami. Kwenye moto ni bingwa, kwenye maji simpi paa langu.

Nimeongeza pia kengele ya kaboni monoksidi, ile ya betri, ukutani kwenye korido ya vyumba. Moshi unaouona unakukimbiza nje. Gesi hii haina rangi wala harufu, na kila msimu wa baridi hatukosi kusikia familia iliyolala na jiko la mkaa ndani. Meko yanayovuta vizuri yanaitoa nje, lakini makaa ya usiku wa manane, dohani ikishapoa, siyaamini hata kidogo. Kilango cha dohani, kile cha kuziba koo lake, hakifungwi mpaka majivu yawe baridi.

Jambo moja ambalo hakuna fundi wala kofia inayolibadilisha: meko ya wazi yanapasha waliokaa mbele yake tu. Sehemu kubwa ya joto inapanda na dohani, na chumba cha watoto bado kinahitaji mablanketi mawili. Ningekuwa najenga upya ningeweka jiko la chuma lililofungwa, lenye mlango wa kioo, ambalo kwa kuni zilezile linatoa joto maradufu na zaidi. Nyumba ilikuja na meko, basi nimeyatengeneza, na kwa jumla ya fedha hiyo nimeridhika. Ukiwa na meko kama yangu, anza na dirisha na kipande cha bati jioni moja tulivu, havigharimu kitu, kisha ndipo uamue umwite nani.