Viatu vya pekupeku vya kuvaa mjini Arusha: tazama ubavu kabla ya bei

Tangu masika yaanze, ujumbe ninaopokea kuhusu viatu unafanana mno. Mmoja ametoka Njiro, mwingine Sakina, mwingine yuko Moshi: kiatu chepesi cha soli nyembamba, kimenunuliwa kwa hela nzuri, kikapelekwa kwa fundi kishonwe kama ilivyo desturi yetu, na mwezi haujaisha maji yanaingia, uzi umekatika, soli imefungua mdomo usawa wa kidole kidogo. Wote wanataka niwatajie kampuni ipi inauza feki. Fundi hakuna aliyemtaja, wala ubavu wa kiatu, na tatizo liko hapo hapo.

Mambo ya kawaida nayapitia mbio. Kiatu cha pekupeku kina sifa tatu: mbele kipana ili vidole vijitandaze, kisigino na vidole viko usawa mmoja, na soli inakunjika ukaiviringisha mkononi. Hayo hata muuzaji atakuambia. Rangi chagua mwenyewe, ila nyeupe kwa vumbi la Arusha ni kujitafutia kazi ya kufua. Uzito nao usikusumbue, karibu vyote ni vyepesi. Turudi kwenye mshono.

Sisi kiatu kipya hatukiamini mpaka kishonwe. Unatoka nacho dukani, unapita kwa fundi chini ya mwavuli, anakizungushia uzi wa nailoni, unalipa, unaondoka na amani yako. Kwa raba ya kawaida desturi hiyo ina akili. Soli yake ni nene, sentimita mbili hata tatu pale kisiginoni, kwa hiyo fundi anachanja mfereji mdogo kwa kisu, uzi unalala ndani ya mfereji na ardhi haiugusi. Kiatu cha pekupeku soli yake yote ni milimita nne, tano, sita. Mfereji utachanjwa wapi? Fundi akichanja, amekaribia mguu. Asipochanja, uzi unabaki nje na unasuguana na changarawe kila hatua, na changarawe yetu ni mawe ya volkano, ina makali. Uzi ukishakatika yanabaki matundu ya sindano kuzunguka kiatu chote. Pita Kilombero sokoni mwezi wa nne, utajua matundu hayo yana kazi gani. Na ndani nako mshono umejenga tuta ambalo unalisikia siku nzima, maana hakuna sponji ya kulificha. Ulilipia usikie ardhi, sasa unasikia uzi.

Kwa hiyo swali la kwanza dukani liwe hili: mpira wa soli umeishia wapi? Kuna viatu ambavyo soli imebandikwa chini tu, ikakatwa sawasawa na kitambaa. Kuna vingine ambavyo mpira unapanda juu ya kitambaa pande zote, walau nusu sentimita, na mbele kwenye vidole unapanda zaidi. Ukuta huo mdogo ndio uzima wa kiatu. Kwanza, gundi ina eneo la kushika. Pili, fundi anaweza kushona ubavuni, sindano ikapita kwenye ukuta na kitambaa bila kugusa chini, na uzi wake hausuguliwi na barabara. Kiatu kisicho na ukuta usikishoneshe kabisa, hata fundi akikuapia. Mwambie abandike tu.

Na kubandika nako kuna namna. Pande zote mbili zisuguliwe kwa msasa, zifutwe vumbi, zipakwe gundi zote mbili, halafu isubiriwe ikauke mpaka ukigusa kidole hakinati. Ndipo zikutanishwe na kugongwa. Fundi mwenye foleni atabandika gundi ikiwa bado mbichi, utaondoka umefurahi, na Jumatatu utarudi. Keti pale pale kwenye benchi lake mpaka amalize. Hakuna fundi anayependa mteja anayemkodolea macho, lakini kiatu ni chako.

Ukiwa na kiatu mkononi, kikunje mahali vidole vinapoanzia, mara kadhaa, huku ukitazama mstari ambapo mpira unakutana na kitambaa, hasa upande wa nje. Hapo ndipo panapofunguka kwanza kwa sababu hapo ndipo mguu unapokunjikia. Ukiona mstari mweupe unatokea na kupotea, gundi imeshaachia. Pitisha ukucha. Ukucha ukizama, kirudishe. Kwa mtumba, nusa pia: harufu kali ya gundi kwenye kiatu kinachodaiwa hakijaguswa maana yake kimeguswa. Na ukingo uliopakwa rangi nyeupe mbichi, jiulize unaficha nini.

Jambo moja jema kuhusu mitumba kabla sijaanza kulalamika. Buti nyingi za kupandia mlima na baadhi ya raba nene zina sponji ya poliyurethini katikati ya soli, na sponji hiyo huharibiwa na unyevu wa hewa taratibu hata kiatu kikiwa kimekaa kabatini bila kuvaliwa. Ndiyo maana unanunua mtumba unaong'aa, unauvaa siku ya kwanza kanisani, na soli inamung'unyuka vipandevipande kwenye sakafu ya watu. Viatu vya pekupeku vingi havina sponji hiyo kabisa, ni mpira mtupu. Mtumba wa pekupeku wa miaka kumi unaweza kuwa mzima kuliko raba nene ya miaka mitano. Ukiuona, usiukimbie kwa ajili ya umri.

Sasa mpangilio wangu.

Namba moja ni Xero Shoes, hasa Prio, na sifichi kwamba hii ndiyo kampuni yangu. Ni watu wa Colorado, Marekani, mke na mume, Steven Sashen na Lena Phoenix, walioanza 2009 kwa kuuza kipande cha mpira na kamba ili mtu ajitengenezee kandambili nyumbani. Kazi yao ilianzia kwenye mpira, na inaonekana. Soli ya Prio ni milimita 5.5, na ukiona kidogo unaweza kuweka soli ya ndani ya milimita mbili inayotoka. Hiyo milimita moja na kitu zaidi ya wenzao wembamba ndiyo inayompa fundi nafasi ya kupiga msasa bila kutoboa, na ndiyo inayokuokoa ukikanyaga kizibo cha soda pale stendi. Kampuni inatoa dhamana ya maili 5,000 kwa soli. Huku kwetu dhamana hiyo ni mapambo tu, nani atalipa kukirudisha kiatu Marekani? Lakini mtu haweki ahadi kama hiyo kwenye mpira wa kubahatisha. Kwao kinauzwa karibu dola 100. Cha kwangu nimekivaa kutoka Mianzini hadi Mnara wa Saa, kwenye vumbi na kwenye tope, na ubavu haujafungua mdomo popote. Nilikataa kukishonesha. Fundi wangu bado ananinunia.

Namba mbili, Merrell Vapor Glove. Soli imetengenezwa na Vibram wa Italia, unene wake ni kama milimita sita, na kwenye mitumba ndicho cha aina hii ninachokiona mara nyingi kuliko vingine. Kasoro yake ni wembamba wa mbele. Mwenye mguu mpana, na sisi wengi tuliokua tunacheza peku tuna miguu mipana, atasikia kidole kidogo kinabanwa. Halafu kuna mkanganyiko: Merrell hiyo hiyo inatengeneza buti nene za kupandia mlima, na kwa muuzaji wa soko la mitumba la Memorial pale Moshi, Merrell ni Merrell. “Dada yangu, hii ni orijino, wazungu wanapandia nayo Kilimanjaro.” Sawa kaka, lakini mimi naenda nayo benki.

Namba tatu, Vivobarefoot. Najua nitagombana na watu hapa. Ni kampuni ya London, ya akina Galahad na Asher Clark, ukoo ule ule wa viatu vya Clarks, na kwa umbo la mguu hawana mpinzani: vidole vinakaa kama Mungu alivyovipanga. Viatu vyao vya ngozi vinavalika ofisini bila mtu kuuliza. Lakini soli ni nyembamba kuliko ya Xero, bei ya vingi ni karibu dola 150 na kupanda, na kampuni yenyewe ina huduma ya kukarabati viatu vyao vilivyochoka na kuviuza tena. Wanajua vinahitaji matengenezo. Huduma hiyo haiko Levolosi. Ukitaka kiatu cha ofisini kisicho na vumbi wala changarawe, gari mlangoni hadi mlangoni, chukua. Mtu wa vifodi, daladala zetu ndogo, kama mimi, hapana.

Namba nne, zile za vidole vitano, Vibram FiveFingers. Mguu wote unaonekana kama wa chura, na wapita njia watakuambia. Vumbi linakaa kati ya vidole, kuvaa asubuhi ni shughuli, na soksi lazima ziwe za vidole pia. Hao ndio waliokubali mwaka 2014 kulipa dola milioni 3.75 kumaliza kesi Marekani, kwa madai kwamba walitangaza faida za kiafya bila ushahidi wa kutosha. Kwa hiyo anayekuuzia kiatu cha pekupeku kwa kukuahidi kitaponya mgongo, magoti na presha, mwache aongee peke yake. Kiatu ni kiatu. Anza kukivaa saa chache kwa siku, misuli ya nyuma ya mguu itakuuma mwanzoni, ongeza polepole. Na mwenye kisukari ambaye nyayo zake zimekufa ganzi asiviguse kabla ya kuongea na daktari, kwa sababu atakanyaga msumari asijue.

Kwa Moshi, ambako joto si la kwetu, ningeongeza kandambili za Luna za Seattle. Hazina kitambaa cha kubanduka, kamba ikichoka inabadilishwa, hata fundi wa njiani anaelewa. Kwa mvua hazifai.

Bei za chini? Raba za kichina zilizoandikwa “barefoot” zinapatikana, nyingi hazina ukuta ubavuni na soli ya ndani imegundishwa haitoki. Kata mbuga ni imara kuliko zote, tairi halifi, ni bapa na pana, ila ni nzito na si kila ofisi itakuelewa. Basi.

Kuna kimoja lazima nikiseme kwa sababu mnaletewa kila siku. MBT, kile kiatu chenye soli nene iliyopinda chini kama mtumbwi. Jina lake kwa ukamilifu ni Masai Barefoot Technology, wazo la Mswisi Karl Müller katika miaka ya tisini. Yaani kimebeba jina la Wamasai na la kutembea peku, halafu soli yake ndiyo nene kuliko zote mezani! Wauzaji wanasoma jina, wanakuapia ndicho unachotafuta. Ukitaka kujua Mmasai anavaa nini, simama Soko Kuu dakika mbili utazame chini.

Sasa bei, maana hapa ndipo damu inaponichemka. Zamani muuzaji wa mtumba alikadiria kwa macho: kipya kiasi gani, kimechakaa kiasi gani, anataka kula nini leo. Siku hizi anapiga picha kwa simu, anaona dola 160, anazidisha kwa shilingi, anapunguza kidogo ili ujione umependelewa. Kiatu kilichotoka kwenye belo, kimevaliwa na mtu huko Ujerumani, kimefuliwa kwa maji ya moto mpaka gundi ikalegea, kimepakwa rangi ukingoni, anakuambia laki tatu. Nikimuonyesha ubavu ulioachia ananijibu, “Hicho fundi anashona tu, dada.” Ndicho ninachowaambia tangu mwanzo! Na wakimuona mgeni amesimama nyuma yako, bei uliyotajiwa inasahaulika ukiwa bado umekishika.

Kuagiza nje nako si mteremko. Juu ya bei na usafiri kuna ushuru wa forodha, kisha VAT ya asilimia 18 inapigwa juu ya jumla hiyo, usafiri ukiwemo. Kiatu cha dola 100 hakifiki Arusha kwa dola 100. Njia inayofanya kazi hapa ni ndugu au rafiki anayerudi kutoka nje, au mtu wa utalii ambaye mgeni wake anakuja na nafasi kwenye begi. Mji huu hauishiwi wageni.

Ukimwagiza mtu, usimpe namba ya kiatu unachovaa sasa, kwa sababu kila kampuni ina namba zake. Kanyaga karatasi jioni, mguu ukiwa umeshatembea kutwa, umesimama wima, chora mzunguko, pima kutoka kisigino hadi kidole kirefu kuliko vyote, iwe cha kwanza au cha pili. Ongeza kama sentimita moja. Pima miguu yote miwili na utumie mrefu. Mtumie sentimita hizo pamoja na upana, na picha ya ubavu unaoutaka.