Ufukwe wa Feri: bustani au soko hai?
Ufukwe wa Feri, penye soko la samaki la Magogoni jijini Dar es Salaam, ukipangwa upya, kuna mifano miwili ya kuiga. Forodhani ya Zanzibar, iliyofunguliwa upya 2009, ni bustani kwanza. Wachoma mishikaki huja jioni. Matunzo yake ni taa, viti na mapipa ya taka. Ukiiga hivyo Magogoni, mnada wa samaki utahama, na wateja nao.

V&A Waterfront ya Cape Town, eneo la bandari lenye maduka na watalii, iliacha boti zifanye kazi katikati ya wageni. Hii ndiyo inayoifaa Feri, japo ni ngumu zaidi. Wakati wa bamvua (siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu), tofauti ya maji kujaa na kupwa hupita mita 3, hivyo ngazi za kushushia samaki ziwe ndefu, zisiteleze. Maji ya barafu na damu yapate mfereji wake wenye chujio. Yakiingizwa kwenye mtaro wa mvua, magamba huuziba na uvundo haukomi. Mikokoteni nayo ipewe njia yake.