Walipiga rangi pasipopigwa rangi

Nianze na ukucha. Nilikuwa nimeegesha chini ya mwarobaini, nangoja kuitwa chakula, kidole kikapita kwenye fremu ya dirisha dogo la nyuma la gari langu, pale pembeni inapochongoka. Ukucha ukanasa. Nikavuta kidogo tu, wallahi kidogo tu, rangi ikainuka na kujikunja kama ganda la kitunguu. Chini yake aluminiamu nyeupe pee, imeparuzwa na msasa mkali huku na huku kama kuku waliokuwa wakitafuta mchwa. Na gari limetoka gereji Nairobi juzi juzi. Kaskazi moja tu ndiyo imepita juu yake.

Jina la gereji iliyopiga rangi hiyo silitaji. Ni gereji inayojisifu kwa magari ya zamani, ukutani picha za mbio za magari za Safari Rally toka mlangoni mpaka chooni, na mimi kwa picha za Safari ni mtu dhaifu. Mwaka 1978 nilikuwa mtoto wa kusimama kando ya barabara nikimshika dadangu mkono, Porsche ya Vic Preston Jr ikapita, nikapagawa. Alimaliza wa pili, nyuma ya Peugeot 504 ya Jean-Pierre Nicolas, na dadangu mpaka leo hunikumbusha kwamba nililia. Kwa hiyo nilipokuja kupata Porsche 911 SC yangu ya 1982, nyekundu, utu uzima umeshanikuta, msinicheke nikisema naijua kila sentimita.

Injini na mengineyo someni kwingine. Mimi nazungumzia zile fremu nyembamba nyeusi zinazozunguka vioo. SC za mwanzo, zile za 1978, zilikuwa na fremu za kung'aa. Kuanzia modeli ya 1980 zikaja nyeusi. Na weusi ule si rangi. Hapa ndipo kiini cha ugomvi wetu, basi nivumilieni kidogo. Kiwandani kile kipande cha aluminiamu kilisafishwa mafuta, kikatumbukizwa kwenye asidi ya salfuriki, kikapitishiwa umeme. Uso wa aluminiamu yenyewe ukageuka ganda gumu lenye vitundu vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Vitundu vikanyweshwa wino mweusi, kisha vikafungwa kwa maji ya moto, wino ukabaki ndani. Hiyo ndiyo anodaizi. Ganda hilo ni jembamba, halifiki hata nusu ya unene wa unywele, lakini haliwezi kubanduka kwa ukucha, kwa sababu si kitu kilichobandikwa. Ni aluminiamu yenyewe iliyobadilika. Na mng'ao wake ni wa chini chini, kama mbegu ya tikiti iliyokauka. Hauangazi mtu usoni.

Mimi nilioukuta sasa ni weusi wa piano.

Niliwapelekea gari kwa sababu fremu zilikuwa na madoa meupe, hasa upande wa dereva. Nikamwambia mwenye gereji kwa mdomo wangu: fremu zivuliwe, zitafutiwe mtu wa anodaizi, na asipopatikana anipigie simu tuzungumze. Akaitikia "sawa, sawa" kama mtu anayefukuza nzi. Hakupiga simu. Hakuvua hata fremu moja. Walibandika tepu na magazeti juu ya mipira, wakapuliza papo hapo. Najuaje? Mpira wa kioo cha mbele una mstari mweusi uliopinda, mahali tepu ilipoinuka, na chini ya ukingo mmoja nimechomoa kipande cha gazeti chenye nusu ya tangazo la kifo. Nimekihifadhi.

Nikapanda treni toka kwetu Mombasa mpaka Nairobi na picha kwenye simu. Mwenye gereji alikuwa ameketi juu ya tairi, anakula mahindi ya kuchoma. Nikamwonyesha pembe iliyobanduka. Hakuinamia hata kutazama. Akatafuna, akameza, akasema: "Mzee, nyeusi ni nyeusi." Nikamweleza habari ya asidi na umeme na vitundu, pengine kwa kirefu kuliko ilivyohitajika. Akawageukia vijana wake: "Mleteeni mzee kiti, asije akatuangukia." Wakacheka. Kiti kikaletwa kweli, cha plastiki, mguu mmoja umefungwa waya.

Sikukaa.

Nimeyarudia maneno yale kichwani kila siku tangu hapo. Nyeusi ni nyeusi! Mtu anayechukua pesa za magari ya zamani! Hata mama ntilie anajua maharage ya jana si ya leo ingawa sufuria ni ile ile. Na tuseme basi, kwa kukubali yaishe, kwamba anodaizi haikupatikana na lazima ipigwe rangi. Kuna rangi ya kupiga aluminiamu! Unavua kipande, unakisugua kwa msasa laini wa maji, unaweka praima, yaani rangi ya chini ya kushikia, ile ya asidi inayong'ata, juu yake epoksi, halafu nyeusi isiyong'aa sana. Wao walichimba ganda lote kwa msasa wa kusugulia puti, wakaweka praima ile ile wanayoweka kwenye mlango wa chuma wa Probox, wakamwagia nyeusi. Aluminiamu iliyo uchi haishiki praima ya namna hiyo. Lete na hewa ya Mombasa, chumvi inapenya ukingoni, na leo nikitazama kwa jua la asubuhi naona vijinyuzi vyeupe vinatambaa chini ya rangi kama mchwa ukutani.

Kwa hiyo hukumu yangu ilikuwa msipeleke hapo hata baiskeli.

Ila nisiwe mwongo. Bampa zangu, ambazo nazo ni za aluminiamu, pamoja na vioo vya pembeni vya kutazamia nyuma na pete za taa za mbele, vitu ambavyo kwenye gari langu kiwanda chenyewe kilivipaka rangi ya bodi, walivifanya vizuri mno. Nyekundu imeingiana na ya mlango, nimetafuta tofauti nikaikosa. Hakuna chozi la rangi, hakuna vijibonde kama vya ganda la chungwa. Hiyo bampa ya mbele nimeipapasa gizani kama kipofu na sijapata kosa. Na haijabanduka! Aluminiamu hiyo hiyo, chumvi hiyo hiyo. Maana yake kuna mtu pale ndani anayejua, na siku ya fremu hakuulizwa, au aliulizwa akapuuzwa. Hilo ndilo linaloniuma zaidi kuliko kiti.

Nadhani namjua ni nani. Kuna kijana mmoja mwenye lafudhi ya kwetu, wa kupuliza rangi, mkimya. Siku nilipopeleka gari, mwenye gereji aliagiza rimu za Fuchs, zile za aluminiamu zenye mikono kama petali za ua, zipigwe polishi ya mashine "zing'ae kama kioo". Kijana akanivuta pembeni: "Ami, usikubali. Hizi zina ngozi yake. Wakiitoa, kule kwetu zitaota unga mweupe kabla ya Ramadhani." Na ni kweli kabisa. Zile petali zimefanyiwa anodaizi isiyo na wino, na rangi nyeusi iko kwenye mabonde tu, kati ya petali moja na nyingine. Nikakataa polishi. Rimu ziko salama hadi leo, zinasafishwa kwa maji na sabuni tu. Ningekuwa na namba yake ya simu gari lote ningempa yeye, tufanyie uani kwangu.

Sasa kuna jambo nilitaka kulipita kimya, lakini mke wangu amesoma mpaka hapa akiwa amesimama nyuma yangu na amesema nisipoliandika ataliandika yeye.

Kijana yule, siku ile ile, alikuwa ameinama kwenye fremu ya dereva akisugua lile doa jeupe kwa kidole gumba. Akaniuliza, "Ami, hili gari limemwagikiwa na nini?" Nikamjibu ni uzee. Haukuwa uzee. Tulipaka nyumba chokaa, nami nikaona uvivu wa kulisogeza gari, nikalifunika shuka. Shuka ikapeperuka upande mmoja. Matone ya chokaa yakakaa juu ya fremu usiku kucha, nami asubuhi nikayakwangua kwa kitambaa kilicholowa badala ya kuyaosha kwa maji mengi. Chokaa mbichi hula lile ganda. Wanaofunga madirisha ya aluminiamu wanalijua hilo, ndiyo maana hubandika nailoni kabla mafundi wa plasta hawajaingia. Nilikuwa silijui. Kwa hiyo fremu zile zilikuwa zimeshaharibika kabla hazijaiona Nairobi, na ganda lililoliwa vile halirudi kwa kusafisha. Lazima livuliwe lote, kipande kisawazishwe, kianze upya kwenye asidi.

Hilo halimpi mwenye gereji ruhusa ya kupuliza juu ya gazeti la matangazo ya vifo. Na kile kiti sijakisamehe. Lakini nyota moja niliyokusudia kumpa nimeifanya mbili, ya pili ni ya bampa, na kama kijana wa rangi ndiye angekuwa mwenye gereji ningempa tano na sahani ya pilau.

Fremu nimezivua mwenyewe, polepole, kwa kipande cha mti ili nisizipinde. Ziko chini ya kitanda ndani ya kanga, zinangoja mtu wa anodaizi anayekubali kazi ndogo. Mafundi wa chokaa wanakuja wiki hii, kabla ya Idi. Gari nimeshalipeleka kwa shemeji.